Sinema ya Askari Wawili na Ukuta wa Kanisa

Watu wengi wakisikia kwamba sinema fulani ni ya vita, hungojea mizinga, ndege, na bendera inayopandishwa juu ya kilima. Sinema ninayotaka kuwaeleza hapa ni ya vita kweli, lakini mapigano yenyewe huonekana kidogo tu, kama ndoto mbaya inayopita. Jina lake ni «A Month in the Country», yaani Mwezi Mmoja Kijijini. Ilitengenezwa Uingereza, ikatolewa mwaka 1987. Aliyeiongoza ni Pat O'Connor, mtu wa Ireland. Maneno yake yaliandikwa na Simon Gray, mtungaji wa michezo ya kuigiza, naye aliyatoa katika kitabu kifupi cha J. L. Carr kilichochapwa mwaka 1980. Huyo Carr alikuwa mwalimu mkuu wa shule kwa miaka mingi, kisha akaacha shule ili aandike na kuchapa vitabu.

Kwa nini niwaeleze watu wa parokia habari ya sinema hiyo? Kwa sababu karibu mambo yake yote hutendeka ndani ya kanisa au kando ya kanisa. Tena swali lake ni swali letu sisi: mtu aliyevunjika rohoni akifika mlangoni petu, ataponywa na nani, na kwa dawa gani?

HABARI YENYEWE

Tuko mwaka 1920, katika Yorkshire, upande wa kaskazini wa Uingereza. Vita ya 1914-1918 imekwisha tangu miaka miwili. Kijana mmoja, jina lake Tom Birkin, anashuka katika gari la moshi kwenye stesheni ya kijiji cha Oxgodby. Mvua inanyesha. Hana mzigo mkubwa, hana fedha, na mke wake amemwacha. Ameitwa kufanya kazi moja: kufunua picha ya kale iliyo juu ya ukuta wa kanisa, ambayo imefunikwa na chokaa tangu karne nyingi. Mwanamke mmoja tajiri wa kijiji, Bibi Hebron, aliacha fedha katika wasia wake kwa ajili ya kazi hiyo.

Wasia huo huo ulilipa kazi ya pili. Askari mwingine, Charles Moon, amepiga hema lake katika uwanja ulio nyuma ya kanisa. Yeye ameajiriwa kutafuta kaburi la babu mmoja wa ukoo wa Hebron, Piers, ambaye zamani sana alitengwa na Kanisa akazikwa nje ya makaburi ya Wakristu. Basi mmoja anapanda juu ya jukwaa la mbao, mwingine anashuka ndani ya shimo. Mmoja anafunua ukuta, mwingine anafunua udongo. Wakati wa chai wanakutana, wanazungumza kidogo, wanacheka kidogo, kisha kila mmoja anarudi mahali pake.

Mchungaji wa kanisa hilo la Kianglikana, Bwana Keach, hapendi kazi hizo. Anazikubali kwa sababu asipozikubali hatapata fedha nyingine za wasia. Mke wake Alice ni kijana, mpole, na upweke umemshika katika nyumba kubwa iliyozungukwa na miti. Upande mwingine yuko Bwana Ellerbeck, mkuu wa stesheni, Mprotestanti wa chama cha Wesley, pamoja na watoto wake. Hao ndio watu wa hadithi. Hakuna mwizi, hakuna mauaji, hakuna siri ya polisi. Majira ya joto yanapita, kazi inakwisha, na watu wanaagana.

VITA ILIYOBAKI MWILINI

Birkin alipigana Passchendaele, huko Ubelgiji, ambako tangu Julai hata Novemba 1917 maelfu kwa maelfu ya vijana walikufa katika matope. Yeye hakufa. Lakini shavu lake linaruka lenyewe, ulimi wake umekuwa mzito, na usiku anaamka akipiga kelele. Mwigizaji wake ni Colin Firth, ambaye wakati ule alikuwa angali kijana asiyejulikana sana. Anaucheza ugonjwa huo kwa haya. Hatafuti kutuliza. Anaanza neno, neno linakwama, anatazama chini, anangoja lipite. Miaka mingi baadaye mwigizaji huyo alipata sifa ya dunia nzima kwa kuigiza mfalme mwenye kigugumizi. Aliyeiona sinema hii ya kwanza hakushangaa.

Moon naye, anayeigizwa na Kenneth Branagh, anaonekana mzima. Ni mchangamfu, ana mzaha, anatembea kama mtu asiye na deni. Lakini chini ya hema lake amechimba shimo, na ndani ya shimo hilo ndimo anamolala. Mahandaki yamemfundisha mwili wake kwamba mahali pa usalama ni ndani ya ardhi. Vita imekwisha kwa serikali, haijakwisha kwa Moon.

Waganga wa Uingereza walianza kuandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1915, wakidhani kwanza kwamba mishindo ya mizinga ndiyo iliyotikisa ubongo. Wengine, hasa wakubwa wa jeshi, walisema ni woga tu. Leo waganga wanajua kwamba mtu mwenye moyo mkuu kabisa aweza kuvunjika hivyo, na kwamba jeraha hilo halionekani kwa macho.

Nasi tusidhani kwamba ni habari ya Wazungu peke yao. Vita hiyo hiyo ilifika kwetu. Askari wa Kongo, wa Force Publique, waliingia Tabora mwezi wa Septemba 1916, na nyuma yao walitembea wapagazi wengi sana, wenye mizigo kichwani, wengi wao wakifa njiani kwa njaa na maradhi. Waliorudi vijijini waliulizwa habari za ushindi. Ni wangapi walioulizwa habari za usiku wao? Na tangu siku zile, nchi yetu ya mashariki imeona waliorudi wengine, wa vita nyingine. Kwa hiyo tunayo haki ya kuitazama sinema hii kama habari yetu.

DAWA TATU

Wako wanaosema kwamba sinema hii inafundisha hivi: mpeleke mgonjwa shambani, kwenye majani mabichi na jua, naye atapona. Mimi siamini kwamba ndivyo inavyosema. Majani na jua ni mazuri, na mpiga picha ameyaonyesha vizuri sana. Lakini majani yalikuwako Passchendaele pia, kabla ya mizinga. Nikitazama vema, naona dawa tatu, na zote tatu zinatoka kwa mkono wa mtu.

Dawa ya kwanza ni kazi. Siyo kazi yo yote, bali kazi ya kutunza. Birkin hachori kitu chake mwenyewe. Anaondoa chokaa na uchafu, kidogo kidogo, kwa dawa na kitambaa na kisu kidogo, akiogopa kuharibu rangi ya mtu aliyekufa karne tano zilizopita. Sinema haina haraka hapa. Tunaona kidole, kisha mkono, kisha uso. Ni picha ya Hukumu ya Mwisho, kama zilivyochorwa katika makanisa mengi ya Uingereza wakati nchi ile ilipokuwa bado katoliki, mbele ya watu, juu ya upinde wa altare, ili kila mkulima asiyejua kusoma aone mwisho wake. Katika karne ya 16, Waprotestanti walipoushika utawala, picha hizo zilipakwa chokaa. Kumbe chokaa iliyotumika kuzifuta ndiyo iliyozihifadhi! Kijana ambaye mikono yake ilizoea kubomoa anajikuta akimfunua Kristu Hakimu, naye Kristu huyo hana uso laini: anatazama kama mtu anayeona yote. Birkin hasemi kwamba ameamini. Sinema haimlazimishi. Lakini anamheshimu mchoraji yule, anamwita fundi mkubwa, na kwa kumheshimu anaanza kujiheshimu mwenyewe. Polepole shavu linatulia. Ulimi unafunguka.

Dawa ya pili ni meza. Watoto wa Ellerbeck wanakuja kanisani kumtazama mtu wa ajabu aliye juu ya jukwaa. Msichana Kathy anamletea chakula, tena anamletea gramafoni ili asichoke na ukimya. Siku ya Jumapili anaitwa nyumbani kwao kula. Hakuna anayemwuliza kwanza kama anasali, wala kwa nini mke wake amemwacha, wala shavu lake lina nini. Anawekewa sahani. Baadaye wanamwomba msaada, na hili ni jambo la akili sana: wanampa kazi katika jamaa yao, hata kumtuma kuhubiri mahali pa Ellerbeck katika kikanisa kidogo. Yeye, ambaye hana imani na ulimi wake ni mzito! Anasimama mbele ya watu wachache, hana hubiri. Anawaeleza tu kazi yake ya ukutani. Ni mahali pa kuchekesha, lakini mimi sikucheka tu. Mgonjwa anayepewa sadaka hubaki mgonjwa. Anayeombwa msaada amekuwa tena mtu kati ya watu.

Dawa ya tatu ni rafiki anayejua kunyamaza. Birkin na Moon hawaelezani vita. Hawana haja, kila mmoja anaijua. Watengenezaji wa sinema wengine wangewaweka wale wawili mbele ya moto, usiku, wakilia na kusimulia mambo yote. O'Connor hakufanya hivyo, na nampongeza. Anawaonyesha wamekaa kwenye majani, na vikombe vya chai mikononi, wakitazama mbele. Muziki wa Howard Blake, wa fidla na ndugu zake, unapita chini yao bila kuwasukuma.

WALIOWEKWA NJE YA UKUTA

Sasa tunafika mahali penye uzito kuliko pote. Asiyetaka kujua mwisho wa habari aruke sehemu hii.

Katika kona ya picha, kati ya wale wanaoanguka motoni, Birkin anafunua mtu mmoja mwenye alama ya mwezi mwandamo kipajini. Wengine ni umati usio na jina. Huyu amechorwa kama mtu anayejulikana. Siku za mwisho Moon anafungua kaburi la Piers Hebron, na juu ya mifupa kuna kitu cha chuma chenye umbo la mwezi mwandamo. Wanaelewa wote wawili kwa pamoja. Piers alikwenda vitani mashariki, na huko aliingia katika dini ya Waislamu. Aliporudi na kufa, jamaa yake na watu wa kijiji walimzika nje ya ukuta, na mchoraji akamtia motoni.

Na Moon mwenyewe? Birkin ameambiwa na mtu mwingine aliyekuwa jeshini kwamba Moon, kapteni aliyepewa nishani kwa ushujaa wake, alihukumiwa na baraza la kijeshi akafungwa, kwa sababu ya kupenda mwanamume. Sheria ya Uingereza ya siku zile ilihesabu jambo hilo kuwa jinai, na ilikaa hivyo hata mwaka 1967. Basi mtu anayetafuta kaburi lililo nje ya ukuta naye amewekwa nje ya ukuta. Birkin anayajua hayo, na anakwenda kunywa chai naye kama jana. Sinema nzima imesimama juu ya chai hiyo.

Hapa msomaji mkatoliki atauliza: Je, sinema hii inalishtaki Kanisa? Inauliza swali gumu, nasi tusilikimbie. Kanisa letu limetangaza watakatifu wengi kwa majina yao. Lakini tangu mwanzo hata leo halijatangaza kwa jina mtu hata mmoja kwamba yuko motoni. Wala kumtenga mtu na Kanisa si kumhukumu milele. Sheria yetu inasema ni adhabu ya kuponya, ili mtu arudi. Mchoraji wa Oxgodby alivuka mpaka huo. Alichukua chuki ya kijiji akaitia katika mkono wa Hakimu. Ni dhambi rahisi sana, na haihitaji rangi wala ukuta. Tunaifanya barazani, tunaifanya mbele ya kanisa baada ya misa, tukisema juu ya jirani: Huyo amekwisha potea.

Tena ukumbuke Injili ya Matayo inavyoieleza hukumu ile ile. Hakimu anauliza habari za njaa, za kiu, za mgeni, za mgonjwa na mfungwa. Sasa tazama kijiji. Mgeni alilishwa na nani? Alilishwa na mkuu wa stesheni. Mfungwa alikuwa na nani wa kumtembelea? Rafiki yake mwenye shavu linaloruka. Mchungaji mwenye kanisa lenye picha hiyo alitoa mshahara, akahesabu vema, akaenda zake. Picha ilikuwa juu ya ukuta wake, lakini wengine ndio walioisoma.

KASORO ZAKE

Sinema ni nzuri; haikosi kasoro. Ya kwanza ni huyo mchungaji Keach. Patrick Malahide anamwigiza kwa ufundi, lakini muda mrefu wa sinema anakuwa kama mlango uliofungwa. Katika kitabu, Carr anampa nafasi ya kusema uchungu wake: kwamba watu wa pale huja kanisani kwa desturi, pasipo kiu, na kwamba si rahisi kuchunga watu wasiotaka mchungaji. Anayejua maisha ya padri mmoja peke yake katika misioni ya mbali atamhurumia. Sinema ingalifanya haki kama ingalikaa naye zaidi. Jeraha lake pia halionekani kwa macho.

Kasoro ya pili ni Moon. Branagh anatufanya tumpende, lakini sinema inamwacha upesi. Uponyaji wa Birkin tunauona hatua kwa hatua. Juu ya Moon tunaona mzaha, shimo, na siri, kisha kwaheri. Labda mwongozaji alitaka kusema kwamba wengine hawaponi. Kama ndivyo, angalitupa muda wa kulisikia jambo hilo.

Ya tatu: kijiji ni kisafi mno. Sehemu kubwa ya picha zilichukuliwa Buckinghamshire, kusini, mbali na Yorkshire, na wakati mwingine majani yanang'aa kama kadi ya posta. Mwaka 1920 karibu kila kijiji cha Uingereza kilikuwa na wajane na mama walioomboleza. Tunawaona kidogo tu.

Juu ya Birkin na Alice, mke wa mchungaji, nitasema machache. Wanapendana bila kuambiana. Natasha Richardson anaigiza kwa macho kuliko kwa maneno. Kuna dakika moja ambapo neno moja lingetosha, na neno halisemwi. Kisha mchungaji na mke wake wanahama, nyumba inabaki tupu, na Birkin anasimama mlangoni. Wengine watasema alikuwa mjinga, wengine alikuwa mwaminifu. Sinema haiwajibu. Inaonyesha tu kwamba kupona hakumwondolei mtu huzuni. Kunamrudishia nguvu ya kuibeba. Mtu aliyekufa moyo hawezi kumlilia mwanamke aliyeondoka. Birkin sasa aweza.

Naona tena kwamba wengi watalalamika: «Sinema hii haina kitu, ni polepole.» Kweli ni polepole. Jeraha la mguu hufungwa kwa siku chache. Hili lingine lina mwendo wake. Sinema iliyomponya Birkin kwa haraka ingekuwa imesema uongo.

INAFAA KWA NANI?

Haifai kwa watoto wadogo, si kwa sababu ya ubaya, bali kwa sababu watasinzia. Inafaa kwa vijana wakubwa, kwa watu waliooana, kwa makatekista, kwa walimu, na hasa kwa wale wenye kazi ya kupokea watu waliotoka vitani, gerezani, au porini. Kwa miaka mingi ilikuwa ngumu kuipata. Siku hizi yapatikana tena katika sahani za kutazama nyumbani. Inasemwa kwa Kiingereza, kwa hiyo padri au mwalimu mmoja asimame kando kueleza maneno, wala asieleze mno, maana mambo makubwa ya sinema hii hayasemwi kwa lugha yo yote.

Mkikusanyika kuitazama, nawashauri mwishowe mjiulize maswali matatu. Katika parokia yetu, ni nani anayelala shimoni hata sasa, ingawa mchana anacheka nasi? Ni kazi gani ya kutunza tunayoweza kumpa, siyo ya kumtumikisha, bali ya kumrudishia heshima ya mikono yake? Na ni nani tuliyekwisha kumchora motoni, naye yu hai, anapita barabarani kila siku mbele ya nyumba zetu?

Mkiisha kujibu swali hilo la tatu, msikae kuongea juu yake. Pikeni chai, mkamwite.